Je, Wajua Kwa Nini Kivumbasi Kinanukia Karafuu?

Chuma jani la kivumbasi, lisugue kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha nusa. Harufu inayokujia ni ya karafuu. Aliyewahi kuzibwa jino huenda akaikumbuka pia kutoka kwa daktari wa meno, maana madaktari huchanganya unga wa oksidi ya zinki na eujenoli kuziba jino kwa muda na kutuliza maumivu. Eujenoli hiyohiyo ndiyo iliyojaa kwenye karafuu, na ndiyo inayonukia vidoleni mwako.

Ajabu ni kwamba kivumbasi na mkarafuu hawana udugu wa karibu. Mkarafuu ni wa ukoo wa mpera na mkaratusi, na mzambarau ni ndugu yake wa karibu. Kivumbasi ni wa ukoo wa mnanaa, pamoja na rozimeri na mrihani ule unaotiwa kwenye kikuba. Shika shina lake changa ulizungushe vidoleni: utahisi pembe nne, na utaona majani yametoka mawili mawili yakitazamana. Ndivyo ulivyo ukoo huo.

Sasa mimea iliyo mbali hivyo imefikaje kwenye kitu kimoja? Mimea yenye mashina hutengeneza lignini, kitu kinachoupa mti ugumu wa kusimama. Malighafi moja ya lignini ni alkoholi ya koniferili. Katika mrihani, ndugu wa kivumbasi, imeonekana kwamba sehemu ya malighafi hiyo huchepushwa, na kimeng'enya maalumu, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kikemikali, kikaigeuza kuwa eujenoli. Yaani kile ambacho kingekuwa ubao kinakuwa manukato! Na kwa kuwa malighafi yenyewe imeenea kwenye mimea mingi, si ajabu harufu hii kuzuka hapa na pale, kwenye koo zisizohusiana.

Mmea hauitengenezi kwa ajili yetu. Juu ya jani la kivumbasi kuna tezi ndogo mno zenye vifuko vya mafuta. Kwa kioo cha kukuzia huonekana kama vitone vinavyong'aa. Mdudu akitafuna jani, vifuko hupasuka na mafuta humrukia kinywani. Kidole chako kinaposugua kinafanya kazi ileile ya mdudu.

Wazee waliofukuza mbu kwa kivumbasi walilijua hilo kwa mikono yao. Tawi lilipondwa kidogo kabla ya kutundikwa dirishani, au majani yaliwekwa juu ya makaa, kwa sababu joto huyageuza mafuta kuwa mvuke na kuyasambaza chumbani. Watafiti wamezijaribu njia hizi Kenya na Tanzania, na kweli mbu wanaouma hupungua. Na mbu wanaikwepaje harufu hiyo? Utafiti wa mwaka 2019 juu ya vipapasio vya mbu wa Anopheles, ndio waenezao malaria, ulionyesha kuwa dawa za dukani za kufukuza mbu kama DEET huficha harufu ya mwili wa mtu, lakini eujenoli huamsha baadhi ya neva za kunusa za mbu mwenyewe. Mbu anainusa.

Ila mafuta haya hupotea upesi hewani. Tawi la jioni linaweza kuwa limeishiwa nguvu kabla ya alfajiri, na mbu wa malaria huuma hadi usiku wa manane na kuendelea. Chandarua kisitoke kitandani. Jingine linalonitia wasiwasi ni chupa za mafuta yaliyokamuliwa. Jani moja lina mafuta kidogo sana. Chupa imekusanya ya majani mengi, na mtoto akiyanywa, mafuta yenye eujenoli nyingi yanaweza kumdhuru ini.

Jina kivumbasi hubeba aina zaidi ya moja. Ipo inayoitwa na wataalamu Ocimum kilimandscharicum, ambayo kwa kawaida mafuta yake yamejaa kafuri badala ya eujenoli. Wakulima wa kikundi cha Muliru, jirani na msitu wa Kakamega nchini Kenya, huilima, huikamua mafuta kwa mvuke, kisha mafuta hayo hutengenezwa dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Kwa hiyo ukisugua jani na pua ikakuambia kafuri, umeshika ndugu mwingine wa ukoo huohuo.