Cheti feki cha Obama sio historia mbadala

Hii tabia ya kuita kila uzushi "historia mbadala" imeanza kunichosha. Mtu anatuma kwenye grupu ile picha ya cheti cha kuzaliwa, kile cha ati Obama alizaliwa Mombasa, chini yake anaandika "historia mbadala wanayotuficha", na watu wanaweka emoji za moto kama kuna kitu kimegunduliwa. Hapana bana. Kile ni cheti feki, basi.

Maana yenyewe ni fupi tu. Historia mbadala ni hadithi au hoja inayochukua tukio moja la kweli, inaligeuza, halafu inafuata kwa uaminifu yale ambayo yangetokea baada ya hapo. Mwandishi anajua haikuwa hivyo, msomaji pia anajua, hakuna anayedanganywa. Pale unapogeuza ndipo njia panda: kabla yake kila kitu kinabaki kama kilivyokuwa, baada yake ndio mambo yanaanza kwenda upande. Wanahistoria nao wanaitumia kupima uzito wa jambo, manake huwezi kusema jambo fulani ndilo lililoleta lingine kama hujawahi kujiuliza bila hilo ingekuwaje. Sina mengi ya kuongeza kwenye maana.

Sasa kwa nini huyo huyo Obama ananiuma zaidi? Kwa sababu safari yake ya siasa imejaa njia panda za kweli, nyingi mno, na watu wanaziruka zote wanakimbilia Mombasa.

Chukua 1995. Mbunge mmoja wa Chicago, Mel Reynolds, anatiwa hatiani mahakamani, anajiuzulu. Alice Palmer, aliyekuwa seneta kwenye bunge la jimbo la Illinois, anataka kile kiti cha Washington, kwa hiyo kiti chake cha jimbo kinabaki wazi na kijana Obama anakitupia jicho. Palmer anashindwa na Jesse Jackson Jr., anageuka, anataka kurudi kwake. Obama anagoma kumpisha. Watu wake wanaenda kukagua sahihi za wapiga kura kwenye fomu za Palmer, moja baada ya nyingine, wanazipinga, na Palmer anajitoa. Ndivyo Obama alivyoingia bunge la jimbo mwaka 1996, akapita kwenye mchujo, ile kura ya ndani ya chama, bila mpinzani. Hapo tu ukigeuza kitu kimoja, tuseme Palmer ashinde ile mbio ya kwanza, Obama anapata kiti bila ugomvi. Ukigeuza kingine, fomu za Palmer ziwe na sahihi safi, Obama huenda hapati kabisa. Ona matokeo mawili tofauti, na yote mawili yanatoka kwenye wiki chache za mtaa mmoja wa Chicago.

Lakini ile ninayoipenda mimi ni Machi 2000. Obama alijaribu kumng'oa Bobby Rush, mbunge wa Washington, kwenye mchujo wa Democrat, Rush ambaye zamani alikuwa Black Panther, lile kundi la wanaharakati weusi, na mtaani kwake anajulikana hadi na watoto. Rush alikuwa ametoka kushindwa umeya wa Chicago mwaka mmoja kabla, Obama akaona huyu amedhoofika. Kumbe wapi. Oktoba 1999 mtoto wa Rush akapigwa risasi akafariki, watu wakamwonea huruma, na wengi waliona si wakati wa kumshambulia baba aliyefiwa. Desemba Obama yuko likizo Hawaii na familia, mtoto anaugua, safari ya kurudi inachelewa, na bungeni Illinois kunapigwa kura ya muswada wa bunduki bila yeye kuwepo. Wapinzani walimla mzima mzima. Matokeo: Rush karibu asilimia 61, Obama kama 30. Miezi michache baadaye anaruka hadi Los Angeles kwenye mkutano mkuu wa chama, anafika kaunta ya kukodi gari, kadi yake ya mkopo inakataa. Ukumbini penyewe hana pasi ya kuingia pale wajumbe wanapokaa. Yeye mwenyewe ameshayasimulia haya hadharani.

Haya, sasa geuza. Mpe Obama ushindi ile Machi. Wengi watasema basi angekuwa rais mapema zaidi, na hapo ndipo unapomjua mtu ambaye hajaelewa historia mbadala ni nini, anafikiri ukimwongezea mtu ushindi mmoja basi unamsogeza mbele hatua moja. Fuata uone. Januari 2001 anaingia Baraza la Wawakilishi, mmoja kati ya 435, mgeni kabisa, kwenye kiti ambacho Rush wa kweli alikikalia kuanzia 1993 hadi mwanzoni mwa 2023, yaani ni kiti cha kuzeekea. Oktoba 2002 inakuja kura ya vita vya Iraq. Katika historia tunayoijua, Obama alikuwa seneta wa jimbo tu, akasimama kwenye mkutano wa hadhara pale Chicago akaupinga mpango wa vita, na baadaye hotuba ile ikawa silaha yake dhidi ya Hillary Clinton aliyekuwa amepiga kura ya ndiyo kule Seneti. Huyu Obama wetu wa mbadala yeye angepiga kura ya hapana kama Democrat wengine 125 wa lile Baraza, manake Rush wa kweli naye alipiga hapana. Nani angemkumbuka mtu wa mia na ishirini na sita? Halafu 2004 kiti cha Seneti ya Washington kinapofunguka, je, mbunge mwenye kiti salama anakiacha aende kubahatisha? Labda ndiyo, labda hapana, lakini mimi nikiandika ningembakiza pale pale. Hotuba ya Boston ya Julai 2004, ile ya mkutano mkuu wa chama iliyomfanya ajulikane nchi nzima, anapewa mtu mwingine. 2008 Hillary hana kizuizi, au ana kingine tusichokijua.

Kwa hiyo kile kipigo cha 2000 huenda ndicho kilichompa urais. Mimi sijapata njia nyingine ya kuliona hilo isipokuwa kwa kuligeuza namna hii.

Na kuna nyingine ndogo ambayo karibu hakuna anayeitaja. Mwaka 2001 Illinois walikuwa wanachora upya mipaka ya majimbo ya uchaguzi, vyama viwili vikakwama, na katiba yao inasema wakikwama jina la mwamuzi linatolewa kwa bahati nasibu. Likatoka la Democrat. Ramani mpya ikachorwa, eneo la Obama likapanda kaskazini kando ya ziwa hadi kwa wenye hela zao, na uchaguzi wa 2002 ukawapa Democrat Seneti ya jimbo baada ya miaka kumi ya kukaa upinzani. Mkuu wao Emil Jones akaanza kumpa Obama miswada ya kumjengea jina, ukiwemo ule wa polisi kurekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji. Lingetoka lile jina lingine, Obama anaenda 2004 akiwa mtu wa upinzani ambaye hajapitisha kitu kikubwa.

Wengi badala yake hupenda kuanzia kwa Jack Ryan, mgombea wa Republican kwenye mbio hizo za Seneti, aliyejitoa Juni 2004 baada ya faili la talaka yake na mwigizaji Jeri Ryan kufunguliwa na jaji. Ni habari tamu, naelewa. Ila kama njia panda ni dhaifu, sababu tafiti za maoni zilishaonyesha Obama anaongoza kabla ya hapo. Bila lile faili huenda angeshinda tu, labda sio kwa ile asilimia 70 aliyompiga Alan Keyes, mgombea mpya wa Republican aliyeletwa kutoka Maryland dakika za mwisho.

Sasa turudi Mombasa, manake najua mtu atasema na hii ya kuzaliwa Mombasa si ni kugeuza tukio pia? Sawa, tuifanye kwa uaminifu. Agosti 1961 baba yake yuko Honolulu chuoni, hatamaliza hadi 1962, na Kenya hatarudi hadi 1964. Mama ana miaka 18. Kwa hiyo inabidi umpandishe ndege binti wa miaka 18, mjamzito wa miezi ya mwisho, peke yake, avuke nusu ya dunia kwenda nchi ambayo mume hayupo. Na akifika anafanya nini Mombasa? Wakwe wako Kogelo! Kwa mtu wa Kenya hii inachekesha yenyewe, umetua nchi ya watu unaenda kujifungulia Mombasa wakati wakwe wako upande wa pili wa nchi, ng'ambo ya Kisumu huko. Halafu magazeti mawili ya Honolulu yaliyotangaza kuzaliwa kwake mwezi huo huo wa Agosti, nayo uyaeleze.

Tuseme umeweza yote hayo. Basi lipa gharama yake, manake kila ukigeuza kitu kuna gharama. Mtoto aliyezaliwa Mombasa 1961, ikiwa bado Mwambao uko chini ya jina la Sultani wa Zanzibar na Mwingereza ndiye anayetawala, maisha yake hayawezi kuwa yale yale. Lakini mzushi wa cheti halipi. Kwake mtoto anazaliwa Pwani halafu kila kitu kinaendelea vile vile, shule ya Punahou kule Hawaii, Harvard, Chicago, Ikulu ya Marekani, kama mtu aliyehamisha msingi wa nyumba na paa likabaki hewani lilipokuwa. Na hata feki yenyewe haikufanyiwa kazi: ile karatasi iliyosambazwa 2009 ina tarehe ya Februari 1964 na juu imeandikwa Jamhuri ya Kenya, wakati Kenya imekuwa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964. Ikulu ya Marekani ilitoa cheti kamili cha Hawaii Aprili 2011, na hata Trump aliyeipigia debe hii habari kwa miaka alikiri Septemba 2016 kwamba jamaa alizaliwa Marekani.

Ukitaka Obama wa Kenya kihalali, njia panda ipo. 1964, baba anaporudi nyumbani, tuseme arudi na mke wake Ann na mtoto wa miaka mitatu. Mtoto anakulia Nairobi. 1965 baba yake, mchumi, anachapisha makala ya kuukosoa waraka wa serikali kuhusu ujamaa wa Kiafrika, na mambo yake na wakubwa yanaanza kuharibika. Julai 1969 waziri Tom Mboya, naye Mjaluo, anauawa mchana kweupe katikati ya Nairobi, na huyu kijana ana karibu miaka minane, Mjaluo mtoto wa mtu asiyependwa na serikali. Huyo anakuwa nani? Hapo mimi nasoma hadi asubuhi. Na wala hakuna urais wa Marekani ndani yake.

Kuna kundi la pili, hawa siwagombezi sana maana hawana nia mbaya. Hawa wanaita historia mbadala pale tukio la kweli linaposimuliwa na upande ambao haukusikika. Ule mvutano wa 1996, kwa mfano: Obama alisema walishakubaliana kwamba Palmer hatarudi, wafuasi wa Palmer waliona kijana alipaswa kumpisha mkubwa wake. Ukiusimulia kwa macho ya Palmer hujageuza kitu, sahihi ni zile zile na aliyeshinda ni yule yule. Huo ni upande wa pili wa historia, na ni kazi nzuri, tuiite tu hivyo. Mbadala ingekuwa ni Palmer amerudisha fomu zisizo na doa, jina lake limebaki kwenye karatasi ya kura, na Obama akaendelea kufundisha sheria Chuo Kikuu cha Chicago akisubiri kiti kingine.