Skwati mia kila siku hazijazi makalio
Jimu nyingi za Dar, Sinza hadi Mbagala, utasikia: piga skwati (kuchuchumaa na kuinuka) 100 kila siku bila uzito, makalio yatajaa. Si kweli. Wiki za mwanzo msuli hushtuka, kisha huzoea. Usipoongezewa mzigo, unajenga pumzi tu.

Anza na kunyanyua nyonga. Egemeza mgongo wa juu kwenye benchi, laza chuma cha uzito (kile kirefu) kwenye nyonga (weka taulo, kinaumiza), sukuma kwa visigino, bana makalio juu kwa sekunde 2. Seti 3 za mara 8 hadi 12, siku 2 kwa wiki. Ukimudu 12 zote, ongeza kilo 2.5. Kiuno kikiuma, huenda unapinda mgongo ukitafuta kupanda zaidi: punguza uzito, kaza tumbo. Pia kula dagaa, mayai, maharage ili msuli ujengeke.