Je, wajua kwa nini gari la dizeli likizima mlimani hukataa kuwaka tena?

Waiyaki Way, ukitoka Westlands kuelekea Kangemi na Uthiru, ni mlima mrefu kuliko unavyoonekana kupitia kioo cha gari. Pikapu la dizeli lililopakia saruji huko Industrial Area linaupanda vizuri hadi katikati, kisha linaanza kukohoa, nguvu inapungua, na linazima. Dereva anapiga stata. Injini inazunguka kwa kasi ya kawaida lakini haishiki. Anapiga tena, na tena. Kufikia hapo washauri wamekwisha kujikusanya kando ya barabara. "Mkubwa, hiyo ni betri," anasema wa kwanza. Wa pili ana hakika ni hita, yaani plagi za kupasha silinda joto. Wa tatu amekwisha kuweka mabega nyuma ya gari, anasubiri amri ya kusukuma.

Wote watatu, kwa uwezekano mkubwa, wamekosea, na namna walivyokosea inaeleza injini ya dizeli vizuri kuliko vitabu vingi.

Betri kwanza, kwa sababu haihitaji maneno mengi. Kazi yake wakati wa kuwasha ni kuizungusha injini, na injini inazunguka. Injini za dizeli za zamani, kama zile za Hiace na Land Cruiser zenye pampu ya kimekanika, zikishawaka hazihitaji umeme zaidi ya volti 12 zinazofika kwenye kifaa kimoja kidogo kinachoruhusu dizeli ipite ndani ya pampu. Kwa magari ya kompyuta hali ni tofauti kidogo: volti zikishuka mno wakati wa stata, kompyuta yenyewe inaweza kukataa kufanya kazi. Hata hivyo dalili hiyo husikika, maana stata huzunguka kivivu. Kusukuma nako kunaizungusha injini tu, kazi ambayo stata tayari inaifanya. Kama gari ni otomatiki, mnasukuma kwa ajili ya mazoezi.

Hita ndiyo dhana ngumu kung'oa. Chanzo chake ni petroli. Kwenye injini ya petroli kuna plagi inayopiga cheche kila mara mafuta yanapotakiwa kuwaka, hivyo plagi zikifa, gari limekufa. Dizeli haina cheche hata moja. Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani aliyeomba hataza ya wazo lake mwaka 1892 na kupata injini iliyofanya kazi sawasawa huko Augsburg mwaka 1897, aliliondoa kabisa suala la kiwashio. Hewa peke yake inaingia kwenye silinda, pistoni inaibana hadi ibaki sehemu moja ya kumi na sita au hata ya ishirini ya ukubwa wake wa awali, na kwa kubanwa hivyo inapata joto linalozidi nyuzi 500 za Selsiasi. Ndipo dizeli inapopulizwa ndani. Dizeli huanza kuwaka yenyewe ikifika nyuzi 210 hadi 250 hivi, kwa hiyo ikikutana na hewa hiyo haina hiari.

Sasa hita inaingia wapi? Inaingia asubuhi ya Julai pale Nairobi inapokuwa na baridi ya nyuzi kumi na kidogo, chuma cha injini kimelala usiku kucha, na joto la hewa iliyobanwa linanyonywa na kuta za silinda kabla halijafanya kazi. Hita hupasha ndani ya silinda kwa muda mfupi ili injini ishike, kisha kazi yake imekwisha. Pikapu letu la Kangemi lilikuwa likipanda mlima na mzigo sekunde chache zilizopita. Injini yake ni moto. Hita zake zote nne zingeweza kuwa zimekufa tangu mwaka jana na zisiwe na neno lolote la kusema kuhusu kuzima huku. Na bado hita mpya huuzwa kila siku Kirinyaga Road kwa madereva wenye tatizo hilihili, zinafungwa, gari linawaka kwa sababu nyingine kabisa iliyoguswa wakati wa kufunga, na dhana inapata ushahidi mwingine.

Kuna pia wanaolaumu urefu wa Nairobi kutoka usawa wa bahari. Ni kweli kwamba hewa ya hapa, kwenye mita 1,700 hivi, ni nyepesi, presha yake ni takriban asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Lakini joto la kubana hutegemea zaidi hewa imebanwa mara ngapi kuliko ilianza na presha gani. Malori hupita Limuru kila siku, juu zaidi ya mita 2,200, bila kulalamika. Hewa hiyo nyepesi ina mchango wake, ila kwenye bomba la mafuta, na ni mchango mdogo.

Bomba hilo ndilo lenye kisa. Magari mengi ya petroli ya sasa yana pampu ya umeme ndani ya tangi, nayo husukuma mafuta kwenda mbele. Bomba likipasuka, petroli inatoka nje, unainusa, unaiona. Dizeli nyingi tunazoendesha, zikiwemo Hilux za D-4D na Prado za injini ya lita 3, hazina pampu kwenye tangi. Pampu iko mbele kwenye injini na inavuta. Safari yote kutoka tangini hadi hapo, kupitia mabomba ya chuma, vipande vya raba na filta, ni safari ya kunyonya.

Chukua mrija wa soda na uutoboe kwa pini karibu na mdomo. Ukinyonya, soda haivuji kupitia tundu hilo. Hewa ndiyo inayoingia, na unapata kinywa cha viputo badala ya kinywaji. Ukinyonya polepole, soda bado inafika, imechanganyika na hewa kidogo. Nyonya kwa nguvu na hewa inazidi, kwa sababu hewa hupita tunduni kirahisi kuliko soda inavyopanda. Finya mrija chini ya tundu, kama filta iliyoziba inavyofanya, na utakunywa hewa tupu. Ukiacha kunyonya, soda iliyokuwa imepanda inateremka kurudi chupani. Na muda wote huo ukiukagua mrija kwa nje, ni mkavu kabisa.

Hilo la mwisho ndilo linalowachanganya watu. Fundi anapita chini ya gari na tochi, hakuna tone, anatangaza kwamba mabomba ni mazima. Tundu linalovuta hewa halina sababu ya kudondosha kitu injini ikiwa inafanya kazi. Mara nyingi ni raba iliyopasuka kwa umri, klipu iliyolegea, au pete ya raba ya filta ambayo haikukaa vizuri baada ya sevisi. Ndiyo maana gari linalozima siku moja au mbili baada ya kubadilishiwa filta linastahili kukaguliwa hapohapo kwanza, hata kama filta ni mpya na halisi.

Mlima unaeleweka sasa. Kwenye tambarare injini inahitaji dizeli kidogo, mvuto ni mdogo, na hewa inayoingia inavumilika. Mlimani na mzigo mahitaji yanapanda, mvuto unaongezeka, na kasoro iliyokuwa imejificha tangu Mombasa Road inajitokeza Kangemi.

Lakini kwa nini lisiwake tena likiwa limesimama, wakati hakuna mzigo wowote? Kwa sababu hewa hubanwa na dizeli karibu haibanwi. Injekta, vile vinyunyizi vinavyopuliza dizeli ndani ya silinda, kwa injini za kizamani hufunguka dizeli ikifika presha ya baa 120 hadi 200, na baa moja ni karibu sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu tukiwa ufukweni. Pampu ikiwa imejaa dizeli, ikisukuma kidogo tu, presha hiyo inafikiwa mara moja. Ikiwa na kiputo ndani, inasukuma, kiputo kinajikunja. Inarudi nyuma, kiputo kinajikunjua. Hakuna kinachofika kwenye injekta. Injini za komonireli, ambazo huhifadhi dizeli kwenye bomba moja nene kabla ya kuigawa, zina sharti la ziada: kompyuta haifungui injekta mpaka bomba hilo lifikie kiwango fulani, mara nyingi baa 200 na kitu. Stata inaweza kuzunguka mpaka betri ife, na hapo mshauri wa kwanza ataonekana alisema kweli.

Lipo pia gari linalozima, likapumzishwa nusu saa, likawaka bila kuguswa. Watu hulichukulia kama uchovu. Hii ina maelezo zaidi ya moja, na ni vigumu kuyatenganisha kwa kuangalia tu. Takataka tangini zinaweza kuvutwa na kuziba kichujio cha mdomo wa bomba, kisha zikaanguka mvuto unapokoma. Tundu la kupumulia la tangi likiziba, mvuto unajijenga ndani ya tangi lenyewe: fungua kifuniko, ukisikia hewa ikiingia kwa kishindo umepata jibu la bure. Na pampu au injekta zilizolika huvujisha zaidi dizeli ikiwa moto, maana dizeli moto ni nyepesi, hivyo presha haifikiwi mpaka kila kitu kipoe. Kwa pampu za kimekanika mafundi hupima hili kwa kitambaa kilicholowa maji kilichozungushiwa pampu. Gari lisipowaka injini ikiwa na joto, kisha likawaka baada ya kitambaa, pampu imechoka. Ni kipimo cha kisayansi kabisa, ingawa hakionekani hivyo.

Kulika huko kuna historia yake hapa kwetu. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu, na mafuta ya taa hulainisha vibaya. Kuchanganya viwili hivyo kulikuwa biashara nzuri kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuziba pengo la bei.

Si kila kuzima ni mafuta. Namna gari linavyozima hutoa ushahidi. Likikohoa na kupoteza nguvu kwanza, fikiria dizeli. Likikatika ghafla, kama taa iliyozimwa, fikiria umeme: fyuzi, rilei, sensa ya kranki (inayoiambia kompyuta injini inavyozunguka) inayokufa ikipata joto, au ule waya wa alamu au traka uliounganishwa kwa mkono na kufungwa utepe chini ya dashibodi. Traka nyingi zina uwezo wa kukata injini, na kiungo kibovu hufanya hivyo bila kuamriwa na mtu. Kwenye magari mengi, ingawa si yote, sensa ya kranki ikiwa imekufa mshale wa mizunguko ya injini hubaki kwenye sifuri unapopiga stata.

Kipimo cha kwanza kabisa hakihitaji spana. Mtu mmoja apige stata sekunde kumi, mwingine aangalie ekzosi. Ukitoka moshi mweupe au wa kijivu, dizeli inafika ila haiwaki. Usipotoka moshi wowote, dizeli haifiki. Kisha tafuta pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta, ya kuvuta dizeli kutoka tangini, na uibonyeze. Ikiwa laini na haikazi hata baada ya kubonyezwa mara nyingi, kuna hewa au tangi ni tupu, na geji za mafuta hudanganya. Ikikaza na gari likawaka, tatizo limeahirishwa tu, kwa sababu tundu bado lipo. Kulipata, fundi mzuri huweka kipande cha bomba angavu kati ya filta na pampu na kutazama viputo, au hulisha pampu moja kwa moja kutoka kwa mtungi wa lita tano wa dizeli safi ulioinuliwa juu. Likinguruma kwa mtungi na kuzima kwa tangi, ugonjwa uko upande wa tangi, kabla ya kufika kwenye pampu.

Mbinu moja ya zamani iachwe kwa injini za zamani: kulegeza nati za mabomba ya injekta huku stata ikipigwa ili hewa itoke. Kwenye komonireli presha huweza kupita baa 1,500, na uzi wa dizeli kwa nguvu hiyo hupenya ngozi na glavu. Jeraha lake huonekana dogo na halina damu nyingi, lakini ni la kupelekwa hospitali papo hapo, kabla ya gari.