"Nzito" ya metali nzito haina maana ya kuzama

Nimeusikia tena ushauri ule: yaache maji yatulie usiku kucha, metali nzito zizame, kisha uteke ya juu unywe. Wanaoutoa wana nia njema, lakini wanaousikiliza huwanywesha maji hayo watoto.

Metali nzito zinazotajwa sana kwenye maji ya kunywa ni risasi, kadimiamu, zebaki na, kwa mazoea tu, aseniki, ambayo hata metali kamili si. Huingia kutoka kwenye miamba, migodi, viwanda au mabomba ya zamani.

Sasa hilo neno "nzito". Linahusu kipande cha metali kikiwa peke yake: sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11.3, ya maji ina gramu 1. Basi. Halisemi lolote kuhusu sumu. Dhahabu ina gramu 19.3 na watu huivaa maisha yao yote. Beriliamu ina gramu 1.85 tu, nyepesi kuliko alumini, na vumbi lake huharibu mapafu. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana uzito uanzie wapi. Mwaka 2002 mwanakemia John Duffus alihoji, katika jarida la IUPAC (muungano wa kimataifa wa wanakemia), kama istilahi hii ina maana yoyote. Binafsi naona alikuwa na haki ya kuuliza.

Metali iliyoyeyuka majini ni kama chumvi iliyokorogwa. Yaache maji yatulie mwezi mzima, chumvi haitazama. Na kuchemsha? Vijidudu hufa, lakini mvuke ukiondoka metali hubaki palepale, kwenye maji machache zaidi.

Risasi huathiri ubongo wa mtoto unaokua, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 za risasi kwa lita ya maji, lakini hiyo si ahadi ya usalama. Aseniki ikinywewa miaka mingi huleta mabaka, ngozi ngumu viganjani na nyayoni, na saratani ya ngozi, kibofu na mapafu. Kadimiamu huharibu figo, kisha mifupa. Muda wote huo maji yanaweza kuwa maangavu, bila harufu wala ladha.

Kwa hiyo, ndugu yangu, maji yakitulia na kung'aa, usiseme "metali nzito zimezama". Sema tu kwamba tope limezama, na maji bado hayajapimwa.