Mzunguko wa maji: Pugu msituni, Jangwani mjini

Vitabu vya shule huuchora mzunguko wa maji kwa mishale: maji yanapanda kutoka baharini, yanakuwa wingu, yananyesha, yanarudi kwa mto. Mchoro huo si wa uongo, ila umeruka penye mambo, yaani pale tone linapogusa ardhi. Hapo ndipo msitu na mji huachana.

Dar es Salaam mto mmoja unakuonyesha yote mawili. Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, ukaingia baharini karibu na Daraja la Selander.

Mvua ikianza msituni, unaisikia juu kabla hujalowa. Majani ndiyo yanayoipokea kwanza, na maji mengine hukaukia hukohuko yakarudi hewani. Yanayofika chini hukuta majani makavu na udongo uliotobolewa na mizizi, mchwa na minyoo. Huzama. Mizizi hunyonya sehemu yake, ikapanda shinani na kutoka majanini ikiwa mvuke. Ndiyo maana kule pana ubaridi. Mengine hushuka kwenye maji ya chini ya ardhi, kisha huchuruzika polepole hadi vijitoni, hata wiki kadhaa baada ya mvua kukatika.

Mjini, bati halinyonyi kitu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Kwa hiyo paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 30 linamwaga lita 3,000, yaani ndoo kubwa 150, na yote yanatoka siku hiyohiyo. Zidisha kwa mapaa ya mitaa kama Tabata, Vingunguti na Kigogo, ongeza lami na nyua zilizomwagiwa zege. Makadirio yanayotumiwa sana Marekani yanasema ardhi yenye uoto hutiririsha juu kwa juu kama asilimia 10 tu ya mvua. Mjini palipozibwa karibu pote, asilimia 55.

Tunalaumu taka kwenye mitaro, na kweli zinaziba. Lakini mtaro hata uwe msafi namna gani, kazi yake ni kuyakimbiza maji, na mitaro ya mitaa hiyo inayakimbizia Jangwani, bondeni mwa Msimbazi, ambapo mto ulikuwa ukitanuka tangu zamani. Barabara ya Morogoro inafungwa, mabasi ya mwendokasi yanasimama. Desemba 2011 makumi ya watu walifariki katika mafuriko ya jiji hili.

Kiangazi ndipo hasara ya pili inapoonekana: maji yaliyofunga barabara masika hayakuzama, yalishafika baharini. Kukinga maji ya paa kunasaidia, ila tangi la lita 1,000, kwa mvua ile ya milimita 30, linafurika ikiwa imenyesha theluthi tu.