Safiski huenda kasi gani? Dhana potofu na ukweli

Safiski ni mtumbwi mrefu, mwembamba, wa mbio za baharini. Mpiga kasia hukaa juu yake na kuuongoza kwa pedali za usukani. Kasi zinazotajwa hapa ni wastani wa saa nzima kwenye maji tulivu.

Dhana: Chombo chembamba zaidi ndicho chenye kasi zaidi.

Ukweli: Ni hivyo kwa anayekimudu tu. Safiski ya mbio ina urefu wa mita 6.4 hivi na upana wa sentimita 43. Ya wanaoanza ina mita 5.5 hivi na sentimita 50 au zaidi. Anayeanza akipanda ile nyembamba, kila mara hulaza kasia majini asipinduke, na kasia lililolazwa halisukumi, linazuia. Miguu hukakamaa badala ya kusukuma kwa zamu, kiwiliwili hakizunguki, kazi yote hubaki mikononi. Ataambulia kilomita 7 kwa saa, ilhali kwenye chombo kipana angefika 8 au 9. Bado hatujahesabu muda wa kupanda tena kila anapoanguka.

Mwenye uzoefu wa kati, kwenye chombo cha sentimita 45 hadi 48, atarajie 10 hadi 11. Mshindani mzuri hufika 12. Wa kimataifa, 13 na ushei.

Dhana: Kutoka 10 hadi 11 ni kujikaza kidogo tu.

Ukweli: Nguvu inayohitajika hupanda karibu kwa kipeo cha tatu cha kasi. Kilomita hiyo moja inadai nguvu zaidi kwa theluthi nzima, na chombo kipya peke yake hakikupi hiyo.

Dhana: Saa ya mkononi inayopima kasi imeonyesha 18, basi hiyo ndiyo kasi yangu.

Ukweli: Hiyo ni kasi ya wimbi lililokubeba kwa sekunde chache. Katika mbio za Molokai hadi Oahu, Hawaii, kama kilomita 52, washindi wamewahi kumaliza chini ya saa tatu na nusu, wastani wa karibu 15. Mikono peke yake haifiki hapo: mawimbi ya upepo wa nyuma huwasukuma, nao wana ustadi wa kuyadaka.

Dhana: Ukienda na kurudi, mkondo unajifuta wenyewe.

Ukweli: Inategemea unavyopiga hesabu. Mwenye kasi ya 10, kwenye mkondo wa kilomita 2 kwa saa, huenda kwa 12 na kurudi kwa 8. Kilomita moja kila upande humchukua dakika 5, kisha 7 na nusu. Akigawa umbali wote kwa muda wote atapata 9.6, kwa sababu amekaa muda mrefu zaidi akipingana na maji. Jumlisha kasi mbili, gawa kwa mbili: 10 kamili. Upepo haunyooki hivyo, kwa kuwa wa mbele hukuibia zaidi ya unachopewa na wa nyuma. Ukitaka kupima kasi yako, chagua asubuhi shwari.

Angalia na kina. Penye mita moja ya maji, wimbi haliwezi kupita kilomita 11 hivi kwa saa; chombo kikikaribia kasi hiyo, tezi, yaani sehemu yake ya nyuma, huzama na kila pigo huwa zito. Pimia penye kina cha mita 3 au zaidi.