Maana ya kaulimbiu ya China "kutafuta ukweli katika hali halisi"

Hii ni kaulimbiu ya Chama cha Kikomunisti cha China inayotaka sera ipimwe kwa matokeo yake, si kwa kauli za viongozi wala vitabu vya itikadi. Maneno yenyewe, shishi qiushi, ni ya kale. Yamo katika historia ya nasaba ya Han iliyoandikwa karne ya 1. Mao Zedong, kiongozi wa chama hicho, aliyafufua mwaka 1941 huko Yan'an, ngome ya wakomunisti wakati huo, akiwakemea makada waliokariri nadharia ya Marx bila kuichunguza China yenyewe.

Baadaye Mao huyohuyo aliyapa kisogo. Mwaka 1958, katika Hatua Kubwa Mbele, kampeni ya kuharakisha kilimo na viwanda, makada wa vijijini waliripoti mavuno yasiyokuwapo, serikali ikachukua nafaka kwa hesabu hizo za uongo, na mamilioni ya watu wakafa njaa. Waziri wa ulinzi, Peng Dehuai, alipomwandikia Mao Julai 1959 kueleza kasoro za kampeni hiyo, alivuliwa wadhifa.

Uzito wa kaulimbiu hii ulionekana hasa baada ya kifo cha Mao, Septemba 1976. Mrithi wake, Hua Guofeng, alikuja na msimamo uliotangazwa magazetini tarehe 7 Februari 1977: uamuzi wowote wa Mao utetewe, na agizo lake lolote lifuatwe. Kwa msimamo huo, hakuna kosa la Mao ambalo lingeweza kusahihishwa. Deng Xiaoping, aliyekuwa ameondolewa madarakani kwa idhini ya Mao mwenyewe, aliupinga. Lakini angempingaje Mao ndani ya chama kilichomtukuza kiasi hicho? Alimjibu Mao kwa maneno ya Mao: anayemfuata kwa kweli ni yule anayetazama hali halisi. Naiona hii kuwa mojawapo ya hoja za kisiasa zilizopangwa kwa ustadi mkubwa kabisa katika karne ya 20.

Tarehe 11 Mei 1978 gazeti la Guangming lilichapa makala iliyosema kwamba utendaji ndio kipimo pekee cha ukweli. Mjadala ukawaka nchi nzima. Desemba mwaka huo kikao cha Kamati Kuu kikaupa ushindi upande wa Deng, na njia ya mageuzi ikafunguka. Wakulima waliogawana kwa siri mashamba ya pamoja katika kijiji cha Xiaogang, Anhui, wakaja kupata kinga ya kiitikadi: walivuna zaidi, na mavuno yakawa hoja. Mwaka 1980 yakafuata maeneo maalumu ya kiuchumi, yaliyofunguliwa kwa mitaji ya kigeni, likiwemo Shenzhen.

Ni muhimu pia kuona mpaka wake. Kaulimbiu haisemi nani ana haki ya kutamka kwamba hali halisi ni ipi, na chama kilijiwekea haki hiyo chenyewe. Tarehe 30 Machi 1979 Deng alitangaza misingi minne isiyojadiliwa, uongozi wa chama ukiwa mmojawapo. Siku moja kabla, Wei Jingsheng, fundi umeme aliyebandika kwenye ukuta mmoja wa Beijing maandishi ya kudai demokrasia, alikuwa amekamatwa. Oktoba alihukumiwa kifungo cha miaka 15.